Bosi Hajachanjwa

Kila asubuhi, kabla hata hajanawa uso, Fundi alifungua mlango wa uani.

"Haya, Bosi, kazini," alisema.

Mbwa wake alikuwa wa rangi ya kahawia. Sikio lake moja lilisimama, jingine lililala. Alitoka mbio kama mtu aliyechelewa. Fundi aliwasha jiko, akabandika maji ya chai. Hakujua Bosi alikwenda wapi, wala hakuwahi kuuliza. Alijua tu kwamba baada ya muda mbwa angerudi, ulimi nje, tumbo jepesi, na kujilaza chini ya cherehani.

"Mbwa mwenye adabu hachafui anapolala," Fundi alipenda kusema.

Hilo lilikuwa kweli. Bosi hakuchafua kwake. Alichafua kwa watu.

Fundi alishona sare za shule na magauni katika chumba cha mbele. Mume wake alikuwa mwashi. Aliondoka alfajiri na mwiko wake, akarudi jioni na saruji kwenye nyusi. Mtoto wao wa pekee alikuwa shule ya bweni. Kwa hiyo mchana kutwa Fundi alibaki na cherehani na Bosi. Alizungumza na vyote viwili, lakini Bosi ndiye aliyetikisa mkia.

Nyumba ya pili aliishi Msusi. Aliwasuka wateja wake barazani, na mwanawe wa miaka sita alicheza kando yao. Mtoto huyo alikuwa na mashavu ya kujaa. Mtaa mzima ulimwita Kibonge.

Asubuhi moja Msusi alikuja na ufagio mkononi.

"Hodi, jirani."

"Karibu, mwenzangu. Umeamkaje?"

"Nimeamka na zawadi ya Bosi. Mlangoni kabisa. Leo nimeikanyaga."

Fundi alicheka. "Pole sana. Lakini hiyo si mbolea? Panda maua."

"Nipande maua kwenye sakafu?" Msusi naye alicheka kidogo, kisha akaacha. "Jirani, mimi sina ugomvi na mtu. Ila jana mbwa wako alimkimbiza mteja wangu. Nusu ya kichwa imesukwa, nusu imesimama. Alikimbia hivyohivyo mpaka barabarani. Waliomwona wanadhani kazi yangu ndiyo ile."

"Bosi hana neno! Anabweka tu. Mwambie mteja asikimbie. Ukikimbia, yeye anadhani mnacheza."

"Kwani mteja anakuja kusukwa, au anakuja kufundishwa tabia za mbwa wako?"

"Basi yaishe, mwenzangu. Nitamkanya."

Alimkanya kweli. Alimwambia, "Bosi, acha ujinga." Bosi akatikisa mkia. Kesho yake mlango wa uani ukafunguliwa kama kawaida.

Mume wake pia alisema. Mwashi hakuwa mtu wa maneno mengi, lakini siku hiyo wakati wa chakula cha jioni alisafisha koo.

"Mke wangu, mbwa ni wetu. Njia ni ya watu wote."

"Na wezi je? Umesahau walivyotaka kubeba cherehani yangu?"

"Sijasema tumfukuze. Nimesema afungwe."

"Nikimfunga atalia."

"Basi chagua. Alie yeye, au walie watu."

Fundi alikusanya vyombo. Maongezi yakaishia hapo.

Kulikuwa na jambo jingine ambalo Fundi hakupenda kulikumbuka. Kabla shule hazijafunguliwa, gari lenye kipaza sauti lilipita mtaani. Lilitangaza chanjo ya kichaa cha mbwa, uwanjani, bila malipo. Watu walipeleka mbwa wao. Wengine walibeba paka ndani ya vikapu, paka wakilia njia nzima. Siku hiyo Fundi alikuwa na rundo la sare mbele yake. "Nikimaliza kola hizi nitakwenda," alijisemea. Kola zikaisha, ikaja mifuko. Mifuko ikaisha, jua likazama.

"Basi, mwakani," alisema, akazima taa ya cherehani.

*

Ilikuwa alasiri. Fundi alikuwa akipinda sketi. Kwanza alisikia Bosi akibweka. Kisha akasikia vishindo vya miguu midogo ikikimbia. Kisha ukelele. Mguu wake uliacha pedeli wenyewe.

Alipotoka nje alimkuta Kibonge amekaa chini katikati ya njia.

"Mkate wangu!" mtoto alilia. "Kachukua mkate wangu!"

Alikuwa ametumwa dukani. Bosi alimfuata, mtoto akakimbia, na mbwa akashika alichokifikia kwanza. Nyuma ya mguu, chini ya goti, kulikuwa na matundu mawili. Hayakuwa makubwa. Damu ilichirizika mstari mwembamba mpaka kwenye kisigino. Mkate alikuwa nao Bosi, nyuma ya sketi ya Fundi, akiutafuna bila haraka.

Msusi alifika na kitana kimechomekwa kichwani mwake. "Mama yangu wee! Mwanangu!"

Watu walikusanyika. Alikuwapo jirani mmoja mzee aliyetembea na redio begani popote aendapo. Walimwita Babu Redio. Alipoipunguza sauti redio yake, kila mtu alijua jambo ni zito. Siku hiyo aliizima kabisa. Kijana mmoja nyuma ya watu alikuwa ameshaokota jiwe.

Msusi alimtazama Fundi. Hakupiga kelele.

"Jirani. Mbwa wako amechanjwa?"

Fundi aliona macho, akaliona na lile jiwe. Alitaka kusema "bado". Neno lilifika mpaka kwenye ulimi. Lakini lililotoka halikuwa hilo.

"Amechanjwa," alisema.

"Kweli?"

"Kweli. Si walichanja pale uwanjani? Naye alikuwemo."

Msusi alifumba macho, akashusha pumzi ndefu. "Afadhali. Afadhali, jamani. Roho yangu ilikuwa inatoka."

Kijana akaliachia jiwe.

"Basi dawa ni ndogo," alisema Babu Redio. "Yatakiwa manyoya ya mbwa huyohuyo. Yachomwe, majivu yapakwe penye jeraha. Jino la mbwa dawa yake mbwa. Sisi tulipakwa hivyo, na tupo."

Fundi alishukuru kupata la kufanya. Alikimbilia ndani, akachukua mkasi wake wa vitambaa. Mkasi huo hakuruhusu mtu akatie hata karatasi. Siku hiyo alikatia manyoya ya mgongoni mwa Bosi. Akayachoma juu ya kifuniko cha kopo. Akapiga magoti, akampaka Kibonge majivu kwa kidole chake mwenyewe.

"Pole, mwanangu. Pole. Nitakununulia mkate mwingine."

"Mzima?" Kibonge aliuliza, akivuta kamasi.

"Mzima."

Watu walicheka, wakatawanyika. Redio ikawashwa tena.

*

Mwashi alirudi jua likiwa bado juu ya mapaa. Hakuvua viatu.

"Nimesikia huko kwenye kona," alisema. "Wanasema mbwa wetu amechanjwa."

Fundi alijaribu kutunga uzi kwenye sindano. Uzi ulikataa kuingia.

"Amechanjwa lini?" mume wake aliuliza.

Fundi alilamba ncha ya uzi, akajaribu tena.

"Siku ile ya kipaza sauti nilikuacha na sare. Nikarudi nikakukuta na sare. Nani alimpeleka?"

"Walikuwa wameshika mawe!" Fundi alisema. "Wangemuua mbele yangu. Ungekuwa wewe ungesema nini?"

"Ningesema bado."

"Ni rahisi kwako, hukuwepo."

Mwashi aliketi kwenye kiti cha wateja. Sauti yake ilishuka. "Mke wangu. Mficha maradhi..."

"Usimalizie!"

"Simalizii. Mwisho wake unaujua."

Fundi aliujua. Mwisho wa methali hiyo ni kifo. Alikunja kitambaa, akakikunjua tena.

"Nikisema sasa, nitaonekana mwongo."

"Uongo umeshausema. Kilichobaki ni kuonekana."

"Kesho nitasema."

"Kwa nini si sasa hivi?"

"Mtoto atakuwa amelala."

"Jua halijazama, wewe! Amelalaje?"

Lakini Fundi hakwenda. Mumewe alipoingia kuoga, alichukua simu, akampigia shemeji yake. Shemeji huyo aliuza mboga kwa pikipiki, akizibeba ndani ya kreti kubwa nyuma ya kiti.

"Shemeji, nisaidie," alinong'ona. "Njoo kesho umchukue Bosi. Kaa naye huko kwako mpaka maneno yapoe. Kaka yako nitamwambia mwenyewe."

"Hakuna shida, shemeji. Akila mboga tutaelewana."

*

Asubuhi iliyofuata mlango wa uani haukufunguliwa. Fundi alimfunga Bosi kwenye nguzo kwa kamba ya kuanikia nguo. Akamwekea chakula. Bosi alikinusa, akageuza uso.

"Kula, Bosi," Fundi alimwambia. "Kula, nakuomba."

Bosi hakula. Alilala, kidevu juu ya miguu, akitazama mlango. Tone la mate likadondoka. Kila mbwa hudondokwa na mate. Bosi alidondokwa na mate kila siku, wala hakuna aliyeona ajabu. Lakini asubuhi hiyo Fundi alilitazama tone hilo mpaka likakauka.

Alirudi kwenye cherehani. Alishona mkono wa kulia mahali pa mkono wa kushoto. Akafumua. Akashona tena vilevile. Nyumba ya pili Kibonge alikohoa, na Fundi akasimamisha cherehani. Je, kukohoa ni dalili? Hakujua. Hakujua chochote.

Kisha akasikia sauti ya Msusi juu ya ukuta.

"Jirani! Mbona kimya leo? Usijitese bwana! Kibonge hajambo, anacheza! Mambo haya hutokea!"

Fundi aliziba mdomo kwa kitambaa alichokuwa akishona. Angetukanwa angevumilia. Lakini kubembelezwa na mtu uliyemdanganya, hilo halivumiliki. Alitupa mtandio kichwani, akatoka kwa mlango wa nyuma, akaenda zahanati.

Muuguzi alikuwa mama wa makamo. Miwani yake ilining'inia kifuani kwa uzi.

"Karibu, dada. Unaumwa nini?"

"Mimi siumwi. Nina swali tu. Na wala si langu. Ni la mtu ninayemfahamu."

"Haya. Huyo mtu ana swali gani?"

"Mtoto wa jirani yake ameng'atwa na mbwa."

"Lini?"

"Jana alasiri."

"Wameosha jeraha?"

"Wamepaka majivu."

"Majivu ya nini?"

Fundi alitazama sakafu. "Ya manyoya ya mbwa."

Muuguzi alivaa miwani. "Mbwa huyo amechanjwa?"

Benchi la wagonjwa lilikuwa nje ya mlango. Hakuna aliyekuwa akisikiliza. Hata hivyo sauti ya Fundi ilitoka ndogo kama ya mtoto.

"Hajachanjwa."

"Sasa nisikilize vizuri," alisema Muuguzi. "Kichaa cha mbwa kinakaa kwenye mate. Mbwa akikung'ata, mate yanaingia kwenye jeraha. Hata akikukwaruza, au akiramba penye kidonda."

"Lakini mbwa mwenyewe ni mzima. Jana alikuwa anacheza."

"Anaweza kuwa na ugonjwa kwenye mate kabla hajaonyesha dalili yoyote."

"Leo hakula," Fundi alisema. Machozi yalikuwa karibu.

"Inaweza kuwa ni ugonjwa. Inaweza kuwa amenuna kwa kufungwa. Mimi sijui, wewe hujui. Ndiyo maana hatukai kusubiri."

"Na mtoto hajambo kabisa. Ameamka akicheza."

"Atacheza. Ugonjwa huu hujificha mwilini wiki nyingi, pengine miezi. Lakini siku dalili zikitokea, hakuna tena dawa. Sikutishi, dada. Hakuna. Ila kabla ya siku hiyo, sindano zinazuia kabisa. Kwa hiyo asicheleweshwe."

"Afanye nini huyo mtu?"

Muuguzi alizungumza polepole, kama anayempa mtu mayai ayabebe. "Jeraha lioshwe kwa sabuni na maji yanayotiririka, robo saa nzima. Lilipaswa kuoshwa jana. Hata leo lioshwe, majivu yatoke yote. Wasipake pilipili, wala mafuta, wala dawa ya kienyeji. Kisha mtoto aletwe hapa leo hii. Ataanza sindano mara moja. Na mbwa asiuawe, wala asipelekwe mbali. Afungwe, aangaliwe siku kumi na daktari wa mifugo. Akipita siku hizo akiwa mzima, tutajua hakuwa na ugonjwa alipong'ata. Lakini mbwa akipotea, hatutajua kitu."

"Akipotea?" Fundi alisimama ghafla. Shemeji! Pikipiki!

Muuguzi alimsindikiza mpaka mlangoni. "Dada, mwambie huyo mtu sindano tunazo. Dawa ya aibu ndiyo hatuna. Aje hivyohivyo."

*

Fundi alikimbia. Hakuwa amekimbia tangu shuleni. Alipokata kona aliiona pikipiki mlangoni kwake, injini ikinguruma. Nyuma ya kiti, ndani ya kreti ya mboga, lilichungulia sikio moja lililosimama.

"Mshushe!" alipiga kelele. "Shemeji, mshushe!"

"Si umesema nimchukue?"

"Hiyo ilikuwa jana. Leo nasema mshushe!"

"Nyie watu!" Shemeji alizima injini. "Nimehangaika naye mpaka shati limechanika, sasa mshushe?"

Fundi alimshika mikono. "Amekung'ata? Amekukwaruza?"

"Hapana. Shati lilinasa kwenye msumari."

Fundi hakuridhika. Alimkagua mikono yote miwili, mbele na nyuma, kama anavyokagua kitambaa akitafuta tobo. Ilikuwa mizima. Wakamfunga tena Bosi kwenye nguzo. Fundi akafunga mlango wa uani kwa komeo, akaenda nyumba ya pili kabla miguu haijabadili nia.

Msusi alikuwa barazani, vidole ndani ya nywele za mteja. Kibonge alikuwa chini, akipanga vifuniko vya chupa.

"Karibu, jirani. Mbona unahema hivyo?"

"Bosi hajachanjwa," Fundi alisema.

Vidole vya Msusi vilisimama.

"Umesemaje?"

"Hajachanjwa. Jana nilisema uongo. Niliogopa watu, nikaona aibu. Nimetoka zahanati sasa hivi. Mtoto anatakiwa aoshwe jeraha na apelekwe leo. Leo hii, mwenzangu. Hatari ipo, lakini hatujachelewa."

Mteja alijitia kutazama sakafu, kwa kadiri msuko ulivyomruhusu. Msusi alisimama polepole.

"Mwanangu amelala na kitu hicho mguuni, na wewe unajua?"

"Nilijua."

"Na mimi asubuhi nakubembeleza ukutani?"

"Nilikusikia."

"Nyamaza."

Msusi aliinua mkono. Fundi hakurudi nyuma. Alikisubiri kibao, kwa kweli alikitaka. Lakini mkono ulibaki hewani, kisha ukashuka, ukamnyanyua Kibonge kutoka chini.

"Sabuni," alisema Msusi. "Usiniambie kitu kingine. Lete sabuni."

Walimwosha kwenye bomba la nje. Msusi alishika mguu, Fundi alisugua taratibu, maji yakitiririka. Majivu meusi yalitoka. Chini yake matundu mawili yalionekana tena, mekundu. Mteja alisimama kando na simu yake, akiangalia saa.

"Tumemaliza?" aliuliza Fundi.

"Bado," alisema mteja. "Ongezeni."

"Mnanifua kama nguo!" Kibonge alilia.

Babu Redio alipita. "Jamani, mnaiosha dawa!"

"Babu," alisema Msusi bila kugeuka, "leo zima redio na wewe unyamaze."

Babu aliizima. Alisimama akitazama yale maji meusi, kisha akaondoka.

Zahanati, Muuguzi aliwaona wakiingia: mama mmoja na mtoto mgongoni, mama mwingine hatua chache nyuma. Alimtazama Fundi kama mtu asiyemfahamu.

"Karibuni," alisema. "Nani ameng'atwa?"

Fundi hakusahau wema huo.

Kibonge alichomwa sindano ya kwanza. Muuguzi aliandika tarehe za kurudi kwenye kadi. "Asiruke hata moja," alimwambia Msusi. "Hata akiwa anaruka na kucheza. Sisi ndio tutakaosema sasa basi."

*

Muuguzi alimpigia simu daktari wa mifugo, naye akaja siku hiyohiyo. Alikuwa mwanamke kijana, na viatu vyake vya mpira vilifika magotini. Alimtazama Bosi kwa mbali, kisha kwa karibu.

"Tutamwangalia siku kumi," alisema. "Kaeni mbali na mdomo wake. Akibadilika tabia, akishindwa kunywa, sauti ikibadilika, nipigieni mara moja."

Siku hizo zilikuwa ndefu. Msusi hakumsalimia Fundi njiani. Lakini kila asubuhi sauti yake ilivuka ukuta, kavu, bila jina wala hujambo.

"Amekula?"

"Amekula," Fundi alijibu.

Basi. Hapakuwa na zaidi ya hapo mpaka kesho yake.

Siku ya pili Bosi alikula nusu ya chakula. Siku ya tatu alikimaliza. Fundi alianza kupumua. Kisha, zikiwa zimebaki siku chache, aliamka akamsikia mbwa akibweka kwa sauti iliyokwaruza, kama ya mtu aliyelewa. Alibaki amesimama uani, sufuria mkononi.

"Amekula?" iliuliza sauti ya ukutani.

Fundi angeweza kusema amekula. Kweli alikuwa amekula.

"Amekula," alisema. "Lakini sauti yake imebadilika. Nampigia daktari sasa hivi."

Upande wa pili kitu kilianguka chini na kuvunjika.

Daktari alikuja kabla jua halijawa kali. Alimwangalia Bosi macho, mwendo, na namna alivyokunywa maji. Mwashi, ambaye siku hiyo hakwenda kazini, alimshika mkewe bega. Msusi alisimama mlangoni, Kibonge kiunoni. Ilikuwa mara ya kwanza kufika pale tangu siku ile.

"Amebweka siku ngapi hivi?" daktari aliuliza.

"Tangu tumfunge," alisema Mwashi. "Analilia mlango kutwa nzima."

"Hata mimi ningepiga kelele hivyo, sauti ingekauka. Anakunywa vizuri, anatembea vizuri. Tuendelee kuangalia."

Hakuna aliyesherehekea. Msusi alimbusu mwanawe utosini, akaondoka.

Siku ya kumi daktari alirudi kwa mara ya mwisho. Bosi alimrukia, nusura amwangushe.

"Mbwa huyu ni mzima," alisema. "Hakuwa na kichaa alipomng'ata mtoto. Sasa ndio tumchanje. Na kila mwaka arudiwe, msingoje kipaza sauti. Njooni ofisini."

"Tutakuja," alisema Fundi.

"Mama, chanjo peke yake haitoshi. Mbwa aliyechanjwa bado anaweza kung'ata. Bado anatisha watu, bado anachafua milango yao. Kinyesi chake kina minyoo, na watoto wanachezea hapohapo. Akitoka, atoke na wewe, kamba mkononi. Akijisaidia, zoa, ufukie. Akiwa nyumbani, awe na uzio na kazi ya kufanya. Mbwa aliyefungwa kutwa bila kutembezwa anakuwa mkali."

Ilipofika saa ile ya kila siku, sauti ilivuka ukuta. "Amekula?"

"Daktari amesema ni mzima," Fundi alijibu. "Hakuwa na ugonjwa. Mtoto yuko salama, mwenzangu."

Upande wa pili Msusi alilia kwa sauti, kama mtu aliyetua mzigo wa kuni kichwani. Fundi aliegemea ukuta upande wake, akalia naye. Ukuta ulikuwa katikati yao.

*

Mwashi alijenga uzio uani kwa matofali yaliyobaki kazini. Fundi alishona mkanda wa shingo wa Bosi kwa utepe mgumu wa mabegi, mshono mara tatu. Asubuhi sasa alitoka naye, kamba mkono mmoja, koleo dogo na mfuko mkono wa pili. Siku za kwanza aliona haya. Vijana walimtania, "Fundi, Bosi anakupeleka wapi?" Alijibu, "Ofisini kwake," akainama, akazoa, akaenda kufukia kwenye shimo nyuma ya nyumba. Mvua iliponyesha alitoka na mwavuli. Baraza la Msusi likabaki safi.

Wengine nao walianza kumuuliza ofisi ya daktari ilipo. Babu Redio alikuja na paka wake ndani ya kapu.

"Huyu naye anachanjwa?" aliuliza, akitazama pembeni.

"Anachanjwa, babu. Paka naye hupata ugonjwa huo."

"Na yale majivu..."

"Sote tulikosea, babu. Siku nyingine ni sabuni na maji, halafu zahanati."

Msusi alianza kumsalimia tena. Zilikuwa salamu fupi, za njiani. Fundi hakudai zaidi.

Muuguzi alikuwa amesema Kibonge amalize sindano zake, ili kinga ikamilike. Siku ya sindano ya mwisho, Fundi alikuwa akikata kitambaa aliposikia hodi. Msusi alisimama mlangoni. Kibonge alikuwa ameoga, amepakwa mafuta, anang'aa.

"Nina watu watatu wananisubiri," alisema Msusi. "Wawili wamekuja tangu asubuhi. Mpeleke wewe."

Fundi aliweka mkasi chini. "Mimi?"

"Kuna fundi mwingine humu?"

Walikwenda wakishikana mikono. Kibonge aliuliza maswali njia nzima. Je, Bosi alichomwa mkononi au mguuni? Alilia? Alipewa peremende?

"Alilia," alisema Fundi.

"Mimi sitalii," alisema Kibonge, na kweli hakulia. Alikunja uso tu, akambana Fundi kidole mpaka kikawa cheupe.

Waliporudi, baraza lilikuwa limejaa wateja. Fundi alitoa kadi kwenye mtandio, akaikunjua ili tarehe zote zionekane, akamnyooshea Msusi.

Msusi hakuipokea.

"Mikono yangu ina mafuta," alisema, vidole vikiendelea kusuka. "Niambie tu wewe."

"Amemaliza zote," alisema Fundi.

"Haya," alisema Msusi. Akasogeza kiti kwa mguu. "Kaa basi upumzike. Jua kali."